Ukienda Engaruka, Fuata Maji

Magari mengi yanayokwenda Ziwa Natron au Ol Doinyo Lengai hupita Engaruka vioo vikiwa vimefungwa kwa ajili ya vumbi. Dereva anasimama kidogo, abiria wananunua maji na biskuti, mmoja anauliza kama yale magofu yako mbali. Akisikia kwamba ni ya kutembelea kwa miguu, na jua ndilo hilo, anarudi kwenye kiti chake na safari inaendelea. Makala haya yanakusudia kukushusha garini, na kukueleza namna ya kuzuru mahali hapo bila kupoteza fedha zako, siku yako wala heshima yako mbele ya wenyeji.

Engaruka ni mji mdogo wa wakulima na wafugaji katika wilaya ya Monduli, mkoani Arusha, chini kabisa ya ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa, kilometa sitini na kitu kaskazini ya Mto wa Mbu. Mvua yake kwa mwaka ni milimita 400 hivi, na miaka mingine haifiki hata hapo. Kwa mvua hiyo ungetegemea kukuta migunga, miiba na mbuzi tu. Hivyo vyote utavikuta, lakini katikati yake utakuta migomba, mahindi na maharage ya kijani kibichi. Kinachofanya hayo yawezekane ni mto unaoteremka kutoka milimani, na mifereji inayougawa.

Wakulima wa leo si wa kwanza kuugundua ujanja huo. Kati ya karne ya 15 na ya 18 waliishi hapa watu waliojenga mifereji, kuta na mashamba ya mawe katika eneo la hekta 2,000 hivi. Wengi wetu tuliosoma sekondari Tanzania tulikariri jina la Engaruka katika somo la Historia, tukalijibia mtihani, tukalisahau. Ukifika mwenyewe utaona kwa nini lilistahili kuwekwa kitabuni.

Ushauri wangu mkuu ni mmoja, na mengine yote humu yanatokana nao: Engaruka usiitembelee kwa kuhesabu magofu. Fuata maji. Anza yanakotoka, yafuate yanakopita leo, kisha utazame yalikopita zamani. Anayekwenda moja kwa moja kwenye magofu huona marundo ya mawe, akarudi akisema hakuna kitu. Aliyefuata maji huyasoma mawe yale yale akaelewa kila moja lilikuwa likifanya kazi gani.

Kwa nini pakame pana mto

Ukisimama Engaruka na kutazama magharibi, utaona ukuta wa mlima umesimama mbele yako. Ndio ukingo wa Bonde la Ufa, mpasuko ambao kwa mamilioni ya miaka umekuwa ukiitenganisha ardhi ya Afrika Mashariki; sakafu ikatitia, kando zikabaki juu. Nyuma ya ukingo huo kuna milima ya volkano ya nyanda za juu za Ngorongoro: Olmoti, Empakaai, na Loolmalasin wenye urefu unaozidi mita 3,600. Bonde la Ngorongoro lenyewe ni mabaki ya volkano kubwa iliyoporomoka ndani yake miaka milioni mbili na nusu hivi iliyopita.

Milima hiyo ndiyo inayozuia mawingu. Mvua na ukungu hunyesha juu kwenye misitu, maji yakazama katika miamba na majivu ya volkano, kisha yakatokea kama chemchemi na vijito vinavyoteremka makorongo ya ukingo. Sakafu ya bonde iko chini sana, ina joto na inapata mvua kidogo. Kwa hiyo mkulima wa Engaruka hanywi mvua ya kwake, anakunywa mvua ya jirani wa juu. Milima iliyompa maji ndiyo pia iliyompa udongo, kwa sababu udongo huu umetokana na majivu na miamba ya volkano iliyosagika.

Ndiyo maana nakushauri matembezi yako ya kwanza yawe kwenye korongo la mto Engaruka, mahali unapotoka mlimani. Nenda na mwongozaji, saa 12 au saa 1 asubuhi. Utaona maji yakiwa bado na baridi ya juu, na utaona mahali wakulima wanapoyakinga na kuyaingiza kwenye mifereji. Muulize mwongozaji maswali mawili tu: maji haya leo ni zamu ya nani, na kiangazi yanafika wapi? Majibu yake yatakufundisha mengi kuhusu Engaruka ya leo, na yatakuandaa kuielewa ya zamani.

Wakati wa kwenda na njia ya kupita

Miezi mizuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Januari na Februari. Agosti hadi Oktoba kuna upepo na vumbi jingi. Januari na Februari kuna joto kali zaidi lakini anga mara nyingi ni safi. Machi hadi Mei epuka kama huna sababu ya lazima. Barabara inakatwa na makorongo ambayo kwa kawaida ni mchanga mtupu, lakini mvua ikinyesha mlimani hujaa maji ghafla hata kama ulipo wewe hakuna tone. Ukikuta korongo limejaa, subiri. Maji hayo hupungua ndani ya saa chache. Gari lililosombwa halirudi.

Kutoka Arusha unashika lami ya kwenda Karatu, unapinda kulia Makuyuni, na kufika Mto wa Mbu baada ya kilometa 120 hivi. Hapo ndipo penye benki, vituo vya mafuta, maduka ya dawa na soko la matunda. Fanya mambo yako yote hapo: jaza tangi, toa fedha taslimu, nunua maji ya kunywa, kagua tairi la akiba. Kisha acha lami, shika njia ya kaskazini inayopita Selela. Wakati wa kiangazi panga saa mbili hivi kwa gari lililo juu. Gari dogo linaweza kufika siku ambazo njia ni kavu, ila litalia, na wewe utalia nalo ukilipeleka gereji.

Asiye na gari aulizie Mto wa Mbu magari ya abiria ya kwenda Engaruka. Yapo, lakini hayana haraka na hayana nafasi. Panda mapema, kubali kukaa karibu na gunia, na usipange miadi ya siku hiyo hiyo. Jambo la kukumbuka ni kwamba kuna Engaruka Chini, iliyo kwenye njia kuu, na Engaruka Juu, iliyo kilometa chache magharibi yake, chini ya ukingo. Magofu na mto viko upande wa Engaruka Juu. Ukishushwa njia kuu, bodaboda atakufikisha. Patana naye bei kabla hujapanda.

Njiani unaweza kukutana na vizuizi vya kutoza ushuru wa halmashauri kwa wageni. Usigombane na usilipe bila stakabadhi. Uliza ni malipo ya nini, sema kama wewe ni raia au mkazi, na tunza karatasi, maana huenda ukaulizwa mbele.

Namna ya kuyasoma magofu

Kwanza futa picha ya Kilwa kichwani. Hapa hakuna msikiti uliobomoka wala kasri la chokaa. Hakuna hata ukuta uliojengwa kwa udongo wa kushikiza. Kila kitu ni mawe ya volkano yaliyopangwa makavu, moja juu ya jingine, na kwa sehemu kubwa hayakuzidi kimo cha mtu. Uzuri wake uko katika mpango wake, na mpango huo unaonekana kwa mwenye subira.

Makazi yalikuwa juu, kwenye mteremko wa ukingo. Wanaakiolojia wametambua vijiji saba vikubwa. Utaona majukwaa ya mawe yaliyosawazishwa kwenye mteremko, na juu yake palikuwa na nyumba. Waliishi mahali penye mawe na mwinuko ili wasiibe hata hatua moja ya ardhi inayofikika kwa maji. Jamii inayoweka nyumba zake kwenye mawe na mazao kwenye udongo inajua thamani ya shamba.

Chini ya vijiji yanaanza mashamba. Mifereji ilichepushwa kutoka mitoni pale pale inapotoka milimani, ikapitishwa kwa mteremko mdogo sana ili maji yaende mbali bila kuchimba udongo. Kutoka humo maji yaligawanywa katika vishamba vilivyozungushiwa mistari ya mawe. Simama kwenye mstari mmoja, utazame unakoelekea, kisha utafute mstari unaokatana nao. Ukishaona vishamba viwili vitatu, mpango mzima utajitokeza mbele yako. Asubuhi mapema ndiyo saa nzuri, kwa kuwa jua likiwa chini upande wa mashariki kila mstari wa mawe unatupa kivuli. Saa sita mchana mistari hiyo hiyo haionekani.

Uchunguzi wa karibuni umeonyesha jambo linalostaajabisha zaidi. Baadhi ya mashamba hayakukutwa pale, yalitengenezwa. Wakulima waliachia maji yaliyobeba tope yaingie nyuma ya kuta za mawe, tope likatuama, maji yakapita. Wakapandisha ukuta, wakarudia. Tabaka juu ya tabaka, wakajikusanyia udongo wa kulimia mahali palipokuwa na mawe. Mwombe mwongozaji akuonyeshe mahali ambapo korongo la sasa limekata shamba la zamani; hapo utayaona matabaka kwa macho yako.

Utakuta pia duara kubwa za mawe, ambazo wataalamu wanaziona kuwa mazizi. Ng'ombe, inaonekana, walifungiwa na kulishwa ndani ili mbolea yao iende shambani. Na utakuta marundo ya mawe ya kila ukubwa. Wengine walidhani yote ni makaburi, lakini mengi yalitokana na kusafisha mashamba, kama afanyavyo mkulima yeyote anayetoa mawe njiani mwa jembe.

Usichukue chochote. Kipande cha chungu au ushanga uliouokota ukitoka mahali pake unakuwa takataka, maana thamani yake kwa mtafiti ni pale ulipolala na kile kilicholala kando yake. Isitoshe, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza. Usipande juu ya kuta, usisogeze mawe, na usitie mkono chini ya jiwe: kifutu na nge hupenda kivuli hicho hicho.

Waliokuwa hapa

Katika maandishi ya Ulaya, Engaruka inatajwa kwanza na Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita mwaka 1883. Mwaka 1913 akaja mwanajiolojia Hans Reck, na mwaka 1935 Louis Leakey, aliyekadiria kwamba mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 30,000. Hesabu hiyo ilikuwa kubwa mno. Hamo Sassoon alichimba katika miaka ya 1960, John Sutton akaendelea baadaye, na idadi ikashuka hadi maelfu machache. Nakushauri ushike hiyo ya pili. Engaruka haihitaji kuongezewa chumvi. Watu elfu chache kuigeuza nyika kuwa mashamba kwa mikono na mawe ni sifa tosha.

Walilima mtama, punje zake zilizoungua zimepatikana katika uchimbaji. Walifuga ng'ombe, kondoo na mbuzi, na walitumia chuma. Kuhusu kabila lao, utasikia kila mwongozaji na lake. Wapo wanaotaja Wasonjo, yaani Watemi, ambao hadi leo wanalima kwa mifereji huko kaskazini, katika wilaya ya Ngorongoro. Wapo wanaotaja Wairaqw wa Mbulu, wanaosifika kwa kilimo cha mbolea na kuhifadhi udongo. Wasikilize wote kwa heshima, lakini ukiambiwa kwa uhakika kwamba ni fulani, jua umeambiwa maoni.

Ndivyo ilivyo pia kuhusu kuhama kwao. Sababu zinazotajwa ni maji ya mito kupungua, ardhi kuchoka, na kuenea kwa wafugaji wa Kimaasai katika bonde. Huenda ziliungana. Epuka simulizi za watu waliotoweka kwa ajabu, au za taifa geni lililokuja kujenga na kuondoka. Zilitungwa enzi ambazo wageni waliona vigumu kuamini kwamba Waafrika wa bara waliweza kupanga maji kiasi hicho. Ushahidi wa kuwajibu uko hai: Wamarakwet kwenye ukingo wa Kerio nchini Kenya bado wanateremsha maji kwa mifereji ya mababu, na Wachagga wanayo mifongo yao kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Msomaji aliyekulia Marangu au Machame akifika Engaruka atajiona yuko nyumbani, ila bila mvua.

Adabu ya mahali

Fika kwanza kwenye ofisi ya kijiji au kwa waongozaji wa utalii wa kitamaduni, jiandikishe, lipa kiingilio na uchukue mwongozaji wa hapo hapo. Usije na mwongozaji kutoka Arusha ukadhani inatosha. Huyo atakuonyesha mawe, lakini hajui mfereji upi ni wa nani, wala njia ipi inapita katikati ya shamba la mtu.

Mifereji unayoiona inatumika. Usikanyage kingo zake, maana hubomoka. Usioge humo wala kufulia kwa sabuni, kwa kuwa kuna anayeyatumia maji hayo chini. Usihamishe jiwe wala tope lililozuia maji hata kama unadhani limeziba kwa bahati mbaya. Huenda limewekwa na mtu anayesubiri zamu yake tangu alfajiri, na ugomvi wa maji huku si mdogo.

Salamu ni mlango. Mzee mpe shikamoo yake. Kwa Wamaasai, mwanamume huamkiwa "Sopa" naye hujibu "Epa"; mwanamke huamkiwa "Takwenya" naye hujibu "Iko". Watoto watakuinamishia vichwa. Waguse utosini kwa kiganja, ndiyo salamu yao kwa mkubwa. Picha omba kabla, si baada. Ukikataliwa, shukuru na uendelee. Ukikubaliwa kwa malipo, kubali au kataa palepale, usipige kisha ukaanza kubishana.

Usigawe pipi na sarafu barabarani. Mtoto aliyejua kwamba gari ni hela ataacha mbuzi na masomo akimbilie magari. Kama mkono wako ni mwepesi, mwone mwalimu mkuu wa shule au mwenyekiti wa kijiji, uulize kinachohitajika. Fedha ya mgeni inayosaidia zaidi ni ile anayolipia huduma: mwongozaji, chakula cha mama lishe, mkungu wa ndizi, bodaboda, kitanda.

Utasikia pia mazungumzo ya magadi soda. Chini ya bonde hili kuna hazina kubwa ambayo Serikali, kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa, imekuwa ikipanga kuichimba. Wapo wanaotazamia ajira, na wapo wenye hofu kuhusu ardhi na maji. Sikiliza pande zote. Mgeni wa siku mbili hana hukumu ya kutoa.

Kulala, kula na kujilinda

Kuna sehemu za kupiga hema na malazi ya kawaida. Hoteli kubwa ziko Mto wa Mbu na kwenye ukingo wa Ziwa Manyara. Naomba ulale Engaruka angalau usiku mmoja. Jua huzama mapema nyuma ya ukingo, kivuli kikateremka juu ya mashamba wakati bonde la mashariki bado linawaka, na saa hiyo ndiyo wakulima wanapotoka kugeuza maji na mifugo inaporudi bomani. Anayekuja asubuhi na kuondoka mchana huikosa saa nzuri kuliko zote.

Chakula ni ugali, wali, maharage, nyama, ndizi. Asiyekula nyama aseme mapema. Maji ya kunywa njoo nayo: lita tatu kwa kila mtu kwa siku ya kutembea, na zaidi miezi ya joto. Maji ya maeneo mengi ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, ile inayoacha rangi ya kahawia kwenye meno ya waliokulia huko. Kwa siku mbili tatu haikudhuru, ila maji ya mto yana vijidudu vya kawaida, na hivyo vinadhuru usiku huo huo.

Penye mifereji pana mbu. Lala ndani ya chandarua na uvae mikono mirefu jioni. Viatu viwe vya soli nene. Mwiba wa mgunga hupenya ndala bila kuomba ruhusa, na katambuga za Wamaasai zimetengenezwa kwa tairi kwa sababu hiyo. Kofia pana ni lazima. Mwenye pumu achukue dawa yake na kitambaa cha kufunika pua. Mtandao wa simu upo, lakini hukatika ukiingia korongoni, kwa hiyo mwambie mtu unakokwenda.

Ukitaka kuendelea kaskazini

Ukishalala Engaruka, safari ya Natron inapata maana nyingine. Mbele utauona Kerimasi, volkano iliyozimika, na nyuma yake Ol Doinyo Lengai, wenye urefu wa karibu mita 2,960. Ni volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kabonati ya sodiamu na potasiamu. Mwanajiolojia J. B. Dawson ndiye aliyeieleza dunia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Joto la lava hiyo ni nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, karibu nusu ya lava ya kawaida. Hutoka nyeusi na nyepesi, kisha ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Mwaka 2007 matetemeko ya mlima huo yalisikika hadi Nairobi, na mlipuko uliofuata, ulioendelea hadi 2008, ulimwaga majivu kwenye malisho.

Kuupanda si matembezi. Watu huanza usiku kutoka upande wa kijiji cha Ngare Sero ili wafike juu alfajiri, mteremko ni mkali, majivu yanateleza, na kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda. Nenda na mwongozaji wa hapo, uliza hali ya mlima kabla ya kulipa, na usikaribie mdomo wa kasoko. Kumbuka pia kwamba kwa Wamaasai ni mahali pa ibada. Kama hujajiandaa, uutazame kutoka chini, hakuna aibu.

Ngare Sero kuna kitu kisichohitaji magoti ya kijana: nyayo za binadamu zaidi ya 400 katika tope la majivu lililogeuka jiwe, zenye umri kati ya miaka 5,700 na 19,000 hivi. Mkazi wa hapo ndiye aliyeziona kabla ya wanasayansi kufika. Usizikanyage wala kuzimwagia maji ili picha itoke vizuri. Ziwa Natron lenyewe ndilo zalio kuu la heroe wadogo ulimwenguni. Usiwasogelee kwenye viota. Mwaka 2018 UNESCO iliitambua Jiopaki ya Ngorongoro-Lengai, ya kwanza kusini mwa Sahara, nayo inajumuisha Engaruka. Kwa hiyo unavyovitazama njia nzima, kuanzia mfereji wa mkulima hadi mlima unaofuka, vinahesabiwa kuwa urithi mmoja.

Nani aende, nani asiende

Anayetaka wanyama wengi kwa siku moja aende Manyara au Ngorongoro, Engaruka atachoka. Anayetaka bwawa la kuogelea na chakula cha hoteli asijisumbue. Mwenye watoto wadogo anaweza kwenda, mradi matembezi yaishe kabla ya saa 4 asubuhi.

Wanaopaswa kwenda, na kwa kweli wanachelewa, ni walimu. Tunapeleka wanafunzi wakatazame simba, jambo jema, huku mahali panapojibu maswali ya Historia, Jiografia na Kilimo kwa pamoja pakibaki bila mgeni. Mwalimu, omba ruhusa mapema, panga kwenda Julai au Agosti, chukua kundi dogo, na walaze huko usiku mmoja. Usiwape wanafunzi orodha ya tarehe za kukariri. Wape karatasi tupu, waanzie mtoni, wachore njia ya maji hadi shamba la mwisho. Kisha wapandishe kwenye magofu wachore tena. Michoro hiyo miwili ikilingana, somo limeeleweka.